Caicedo na Pauni Milioni 115: Mkata Umeme Anapimwaje?

Tarehe 20 Agosti 2023, kwenye uwanja wa West Ham, Moisés Caicedo aliichezea Chelsea kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesajiliwa siku sita tu nyuma, kwa bei ambayo hakuna klabu ya Uingereza iliyowahi kulipa. Alitokea benchi kipindi cha pili, wenyeji wakiongoza 2-1. West Ham wakabaki kumi baada ya beki wao Nayef Aguerd kuonyeshwa kadi nyekundu, lakini bao la kusawazisha halikuja. Badala yake, katika dakika za nyongeza, Caicedo akamchezea rafu Emerson Palmieri ndani ya boksi, Lucas Paquetá akapiga penalti, mpira ukaisha 3-1.

Kwenye vibanda umiza hukumu ilitoka kabla hata watu hawajainuka kwenye mabenchi. Pauni milioni 115, halafu anakuja kutoa penalti? Wa Liverpool walicheka mpaka machozi, maana wiki moja tu kabla klabu yao ilikuwa imekubali kumlipia karibu bei hiyo hiyo na yeye akawakataa. Wa Chelsea wenyewe wakagawanyika. Wapo waliosema tumepigwa, Brighton wametugeuza shamba la bibi. Wapo waliosema mpeni kijana muda, ana miaka 21 na hakufanya mazoezi ya kutosha na wenzake. Na wapo waliokasirishwa na jezi, kwa sababu alipewa namba 25, ile ya Gianfranco Zola, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewekwa kando pasipo sheria yoyote kuandikwa.

Ubishi huo haujaisha hadi leo. Umebadilika sura tu. Nami naona sababu yake kubwa ni kwamba wabishani wanajibu maswali mawili tofauti wakidhani wanajibu moja. La kwanza ni la sokoni: bei ile ilikuwa halali? La pili ni la uwanjani: huyu kiungo ni mzuri kiasi gani? Mtu anaweza kulijibu la pili kwa "ndiyo" kubwa na la kwanza kwa "hapana" bila kujipinga.

Tuanze sokoni, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakopotelea.

Brighton walimchukua Caicedo Februari 2021 kutoka Independiente del Valle ya Ecuador kwa ada inayotajwa kuwa kati ya pauni milioni nne na tano. Wakamtoa kwa mkopo Beerschot ya Ubelgiji, wakamrudisha, na Aprili 2022 akacheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, ugenini dhidi ya Arsenal, Brighton wakashinda 2-1. Kiangazi hicho wakamuuza Yves Bissouma, kiungo wao kutoka Mali, kwenda Tottenham, na Caicedo akairithi nafasi yake moja kwa moja. Mwishoni mwa mwaka alikuwa Qatar kwenye Kombe la Dunia. Watazamaji wa Afrika watamkumbuka kwa bao alilowafunga Senegal, dakika chache kabla Kalidou Koulibaly hajalipiza na kuwatoa Ecuador mashindanoni.

Januari 2023 Arsenal wakabisha hodi. Ofa ya kwanza milioni 60, ya pili milioni 70, na mchezaji mwenyewe akaandika hadharani akiomba aachiwe aende. Brighton wakakataa. Miezi miwili baadaye wakamsainisha mkataba mpya hadi 2027. Hapo ndipo bei ilipotengenezwa. Mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji anaiona siku atakayoondoka bure. Mwenye miaka minne mbele yake huuzwa kwa bei anayoitaka muuzaji, au hauzwi kabisa. Aliyeweka saini Machi alifikiri anaongezewa mshahara, kumbe pia alikuwa anafunga mlango, na ufunguo akamwachia Tony Bloom, mwenye timu, mtu aliyepata utajiri wake kwa kucheza kamari kwa hesabu za takwimu.

Agosti wakafika wanunuzi wawili kwa mpigo. Liverpool walikuwa wamewapoteza Jordan Henderson na Fabinho kwa klabu za Saudia ndani ya kiangazi kimoja. Chelsea ndio usiseme. Jorginho alishakwenda Arsenal Januari, N'Golo Kanté alimaliza mkataba akaenda Al-Ittihad, Mateo Kovačić alinunuliwa na Manchester City, Mason Mount na Manchester United, Ruben Loftus-Cheek na Milan. Dimba zima la kati lilihama. Muuzaji akiona wateja wawili wenye njaa, fedha mkononi na dirisha la usajili linakaribia kufungwa, hana sababu ya kushusha. Liverpool walikubaliana na Brighton kwa pauni milioni 111, kocha wao Jürgen Klopp akathibitisha mbele ya waandishi wa habari. Mchezaji akasema anaitaka Chelsea. Tarehe 14 Agosti Chelsea wakamtangaza: milioni 100 za uhakika na milioni 15 zinazotegemea masharti.

Kwa hiyo anayeuliza, "Caicedo ana thamani ya milioni 115 kweli?" anauliza jambo ambalo miguu ya Caicedo haiwezi kulijibu peke yake. Ndani ya namba ile kuna mkataba wa hadi 2027, kuna hofu ya Liverpool, kuna pengo la Kanté, na kuna mabosi wapya wa Chelsea, Todd Boehly na wenzake wa Clearlake, ambao tangu Mei 2022 walikuwa wakinunua kana kwamba soko linafungwa kesho. Januari ile ile walikuwa wameshawalipa Benfica takribani pauni milioni 107 kwa Enzo Fernández, kiungo mwingine.

Hapa ndipo shabiki wa kawaida hushika kichwa. Wakati huo Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa na kanuni iliyozuia klabu kupata hasara inayozidi pauni milioni 105 katika miaka mitatu. Itakuwaje klabu moja inunue viungo wawili wa zaidi ya milioni 100 kila mmoja ndani ya miezi saba na isifungiwe?

Jibu limo kwenye urefu wa mkataba. Mtu akinunua daladala kwa kazi ya miaka minane, kwenye daftari la hesabu hasemi mwaka wa kwanza nimepata hasara ya bei yote ya gari. Bei anaigawa kwa miaka ambayo gari litamtumikia. Klabu nazo hufanya hivyo kwa mchezaji. Caicedo alisaini miaka minane, hadi 2031, na kipengele cha kuongeza mwaka mmoja. Zile milioni 100 za uhakika zikigawanywa kwa nane, kila mwaka vitabu vinaonyesha gharama ya milioni 12.5. Mkataba ungekuwa wa miaka mitano, ingekuwa milioni 20. Kwa mchezaji mmoja tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kikosi kizima kilichosajiliwa kwa mtindo huo, ndiyo tofauti ya kuvuka mstari na kutouvuka.

Upande wa mauzo hesabu ni tamu zaidi. Mount alikulia akademi ya Chelsea, hakuwa na bei ya kununuliwa iliyobaki kwenye vitabu, hivyo alipouzwa kwa pauni milioni 55 na nyongeza, karibu fedha yote iliandikwa kuwa faida ya mwaka ule ule. Hebu tazama kilichotokea: mtoto wa nyumbani anauzwa, faida yake inaingia leo, mgeni ananunuliwa, gharama yake inasambazwa hadi 2031. Mashabiki waliolia kwamba klabu inauza roho yake hawakuwa wajinga wa hesabu. Walikuwa wameielewa vizuri sana. Mwaka mmoja baadaye Conor Gallagher, kiungo mwingine wa akademi aliyevaa kitambaa cha unahodha katika mechi nyingi za msimu wa 2023-24, naye akapelekwa Atlético Madrid.

Wakubwa wa soka waliiona njia hiyo wakaiziba, ila si kwa pamoja. UEFA waliweka kikomo cha miaka mitano cha kugawa gharama kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia Julai 2023. Vilabu vya Ligi Kuu vilipiga kura ya kikomo hicho hicho Desemba 2023, na mikataba ya nyuma haikuguswa. Caicedo alisaini Agosti, katikati ya tarehe hizo mbili. Matokeo yake mchezaji mmoja ana bei mbili kwa mwaka: kwa macho ya London ni milioni 12.5, kwa macho ya UEFA ni milioni 20. Julai 2025 UEFA iliwatoza Chelsea faini ya euro milioni 31 kwa kukiuka kanuni zake za fedha. Si Caicedo peke yake aliyewafikisha huko, lakini mtindo wa manunuzi aliokuja nao umo.

Ukizingatia haya utaona kwa nini kauli ya kijiweni, "milioni 115 kwa penalti moja," haisimami kama hesabu. Kama hasira inasimama, na mashabiki wana haki ya hasira. Fedha za tiketi na jezi ni zao.

Sasa twende uwanjani.

Caicedo ni namba sita, kiungo mkabaji, yule ambaye hapa kwetu tumezoea kumwita mkata umeme. Kazi yake ina tatizo moja kubwa kwa anayetazama kupitia televisheni: kamera inafuata mpira, na yeye anafanya kazi pale ambapo mpira bado haujafika. Chukua shambulizi lolote la Chelsea upande wa kulia. Winga amemkabili beki, beki wa pembeni wa Chelsea amepanda kumsaidia, viungo wawili wa mbele wako karibu na boksi, sisi sote macho yako kwenye miguu ya winga. Caicedo amesimama hatua chache nyuma yao, na anatazama mtu mwingine kabisa: mshambuliaji au kiungo wa timu pinzani aliyejificha pembeni, akisubiri mpira ukipokonywa apewe pasi ya kwanza. Mkata umeme mzuri husogea kuelekea kwa mtu huyo kabla winga hajapoteza mpira. Ukipotea, ile pasi ya kwanza ama inakutana na mguu wake, au mpokeaji anageuka na kukuta kifua kimeshamfikia, anarudisha nyuma. Shambulizi la kushtukiza limekufa, na kwenye luninga hakuna kilichotokea. Mtangazaji anaendelea kuzungumzia krosi iliyopotea.

Ndiyo maana takwimu za kupokonya mpira, ambazo wabishi hupenda kurushiana, lazima zisomwe kwa tahadhari. Kiungo anayejirusha chini mara nane kwa mechi anaweza kuwa hodari, na anaweza pia kuwa mtu anayechelewa kufika kila mara. Timu yake ikiwa imetawanyika, anakimbia eneo kubwa peke yake, rafu na kadi vinaongezeka, na takwimu zake zinanenepa. Kwa kiasi kikubwa hiyo ndiyo Chelsea ya miezi ya mwanzo chini ya kocha Mauricio Pochettino. Enzo alitaka kupanda, Gallagher alikuwa anakimbiza mpira kila kona, mabeki nyuma walibadilika kila wiki kwa majeraha, na Roméo Lavia, aliyenunuliwa siku chache baada ya Caicedo ili wasaidiane, karibu hakuonekana msimu mzima. Kijana aliyezoea Brighton ya kocha Roberto De Zerbi, ambako kila mtu alijua asimame wapi, akajikuta analinda uwanja wa nusu ekari peke yake.

Mashabiki wa Chelsea walikuwa na mzigo mwingine wa ziada: kumbukumbu. Klabu hii imeshapata wakata umeme wawili wa kizazi. Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, alitoka Real Madrid 2003 kwa chini ya pauni milioni 17. Kanté alitoka Leicester 2016 kwa takribani milioni 32 na akatwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza. Ukiwa umewaona hao kwa bei hizo, halafu ukaambiwa anayefanya kazi ile ile amegharimu mara tatu na nusu ya Kanté, unahitaji uungwana wa pekee kusubiri. Ni kweli bei za soko lote zimepanda tangu 2016, na kuwapima kwa pauni za miaka tofauti si haki. Lakini jicho la shabiki halisahihishi mfumuko wa bei.

Kilichobadili upepo hakikuwa bao, ingawa lilikuwepo bao. Mei 2024, siku ya mwisho ya msimu, aliwafunga Bournemouth kutoka karibu na mstari wa katikati ya uwanja, bao lake la kwanza kwa Chelsea, lile la kurudiarudia kwenye simu. Mabadiliko halisi yalikuja msimu uliofuata na kocha mpya, Enzo Maresca. Mabeki wakasogezwa karibu naye, timu ikamiliki mpira kwa utulivu zaidi, na eneo lake la kulinda likapungua. Mara nyingine Maresca alimpanga beki wa kulia anayeingia kati timu inapokuwa na mpira. Alicheza mechi zote 38 za ligi msimu wa 2024-25, Chelsea wakamaliza nafasi ya nne, wakachukua Kombe la Conference League kwa kuwafunga Real Betis 4-1, na Julai wakawachapa PSG 3-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa Chelsea ikaenda kwake. Upande wa taifa, Ecuador walimaliza hatua ya kufuzu ya Amerika Kusini nafasi ya pili, wakiwa wameruhusu mabao matano tu katika mechi 18. Mabeki wao ni wazuri, lakini anayesimama mbele yao ni huyu.

Basi kundi la "mpeni muda" limeshinda? Kwenye swali la uwanjani, nadhani ndiyo, na kwa mbali. Sijui viungo wakabaji watatu duniani ambao ningewaweka juu yake leo.

Kwenye swali la bei, hapana, na ushahidi wangu uko Liverpool. Walipomkosa Caicedo, walimchukua Wataru Endo kutoka Stuttgart kwa takribani milioni 16, kisha siku ya mwisho ya dirisha wakamchukua Ryan Gravenberch kutoka Bayern Munich kwa takribani milioni 34. Gravenberch hakuwa namba sita. Alikuwa kiungo wa kupanda aliyekaa benchi Ujerumani. Februari 2024, kwenye fainali ya Kombe la Carabao, Caicedo mwenyewe alimkanyaga kifundo cha mguu, akatolewa kwa machela, na ikaonekana msimu wake umekwisha vibaya. Kiangazi cha mwaka huo kocha mpya Arne Slot alimtafuta Martín Zubimendi wa Real Sociedad, akakataliwa, akaamua kumjaribu Gravenberch mbele ya mabeki. Liverpool wakawa mabingwa 2024-25, na Gravenberch akapewa tuzo ya mchezaji bora kijana wa ligi.

Mashabiki wa Chelsea hujibu kwamba hiyo ilikuwa bahati, na wana hoja. Hakuna aliyeipanga. Ila ndiyo inayoonyesha kwamba nafasi ile inaweza kujazwa kwa theluthi ya bei na kocha anayejua kumsogeza mtu. Chelsea walinunua uhakika, na uhakika sokoni ni bidhaa ghali kuliko kipaji. Kwa klabu iliyokuwa imepoteza viungo watano ndani ya miezi minane, pengine ulihitajika. Lakini dharura hiyo waliitengeneza wenyewe, na sioni kwa nini Brighton walaumiwe kwa kuipigia hesabu.

Msimu wa 2025-26 ulileta vituko vyake. Oktoba 4, Stamford Bridge, mbele ya Liverpool ile ile aliyoikataa, Caicedo alichukua mpira dakika ya 14, akasogea, akaachia shuti kutoka nje ya boksi lililokwenda wavuni juu. Chelsea wakashinda 2-1 kwa bao la Estêvão la dakika za mwisho. Novemba 30, dhidi ya Arsenal, akamvaa Mikel Merino vibaya, kadi ya njano ikageuzwa nyekundu baada ya mwamuzi kuangalia VAR, akafungiwa mechi tatu. Mechi ya kwanza bila yeye, Chelsea walipigwa 3-1 na Leeds. Mechi moja haithibitishi kitu, na bao moja kati ya yale matatu lilitokana na kosa la beki, lakini nililitazama pambano lile nikifuata eneo lake badala ya mpira, na mara kwa mara lilikuwa tupu. Wanayanga waliozoea kumtazama Khalid Aucho wanajua hisia hiyo: mkata umeme huonekana vizuri siku hayupo.

Rekodi yake ya bei, kwa kweli, imeshavunjwa, na aliyeivunja ni Liverpool. Septemba 2025 walilipa pauni milioni 125 kwa mshambuliaji Alexander Isak. Kabla ya hapo, Juni, walitoa milioni 100 na nyongeza ya hadi milioni 16 kwa kiungo mshambuliaji Florian Wirtz wa Bayer Leverkusen. Bao la kwanza la Wirtz kwenye Ligi Kuu lilisubiriwa mpaka Desemba 27, dhidi ya Wolves, na muda wote huo waliomcheka Caicedo mwaka 2023 walikuwa wakiomba kijana wao apewe muda. Tofauti ni kwamba Wirtz anacheza mahali kamera inapotazama, na mabao na pasi zake za mwisho vinahesabika. Kwake yeye, ubishi wa kijiweni hautahitaji miaka miwili kupata jibu.